Kiti Hiki Utakifunga Wapi?

Sogeeni mbele kina mama, sogeeni. Huko nyuma mmekaa kama wageni wa msiba. Mama Ndesari, toa mkoba kwenye benchi, benchi limetengenezwa kwa ajili ya watu. Haya. Mchungaji kaniambia leo upande wa kina mama niseme mimi, ila nisirefushe. Nikamwambia baba, shule mimi niliipitia kama mtu anayekatiza uani kwa watu, maneno marefu nitayatoa wapi? Nitawapigia mfano tu. Akacheka. Ananijua.

Leo nasema habari ya wivu.

Heee! Mbona ghafla kimya? Sasa hivi mlikuwa mnaongea kama kuku waliomwagiwa mahindi!

Ile amri ya mwisho, wenzangu, tunaipita mbio. Tukifika kwenye kuua tunasema amina, mimi sijaua mtu. Tukifika kwa punda wa jirani tunacheka, hapa mjini nani ana punda? Nani atatamani punda? Mwee! Punda wa siku hizi ana matairi manne na honi. Nisikilizeni.

Kulikuwa na kijana mmoja. Mama yake alikuwa fundi cherehani, anashona magauni ya maharusi. Huyu mama enzi zake alijinunulia kigari, Starlet nyeupe, zile ndogo za Kijapani za zamani, ukikiona kwa mbali unadhani ni kiatu cha mtoto wa Sunday school. Lakini kidogo hivyo hivyo kilikuwa kinapanda mlima na mama, na cherehani, na gauni la harusi limejaa nyuma kama wingu. Na mama alikuwa anakitunza! Hakijapigwa rangi ya pili. Hakijabadilishwa hata kitasa. Kila kitu ni kile kile kilichotoka nacho kwao Japani.

Isipokuwa kitu kimoja. Kiti cha mbele, cha abiria. Siku moja mkasi ulikipasua, mama akakishona mwenyewe. Akatia kiraka cha satini, kipande kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, akakizungushia uzi wa bluu. Na magoti yalipoanza kumsumbua, akajua ipo siku ataendeshwa, akakifumua tena, akashindilia sponji ndani mpaka kikainuka, ili akikaa asizame. Kiti kimekaa pale kama kigoda cha malkia.

Basi, magoti yakagoma kabisa. Klachi haikanyagiki. Akamwita mwanawe, akampa funguo.

"Gari lako hili, baba. Mimi sidai kitu. Jumapili unipeleke kanisani, unirudishe. Basi."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu."

Jamani, kuna mama humu ndani angeomba kidogo kuliko hicho? Ninyi ninaowajua mimi? Mngetaka na mafuta ya kupelekwa sokoni!

Yule kijana akawa anampeleka. Mama mbele kwenye kigoda chake, kitenge kimekaa sawa, anapungia watu mkono. Akifika kanisani anashuka mzima mzima, kama anashuka kitandani.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa, kulikuwa na mahali wanaosha magari. Na Jumapili vijana wenye vigari vya aina hiyo walikuwa wanakutana pale. Mnawajua. Siyo wenye magari makubwa. Hawa wa vigari vya zamani, wamevishusha, wamevipachika rimu za spoti, wanafungua boneti wanainama kuchungulia kama wanawake wanaoangalia mtoto mchanga. "Ana injini ya baba yake!" "Hapana, hii ni ya shangazi!" Ha! Mchungaji huku anasema tufumbe macho tuombe, huko nje vrrruuuum! Shetani anaitikia amina.

Na walikuwa na desturi yao. Pale pa kuoshea kuna ngazi ya zege, gari linapanda juu ili lioshwe chini. Basi Jumapili, gari lililopendwa kuliko yote ndilo linapandishwa pale juu, watu wanalizunguka wanapiga picha. Hakuna zawadi. Hakuna kombe. Ni kupandishwa tu. Lakini wenzangu, mtu anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya kupandishwa tu. Nyie mnaogombania kiti cha mbele kwenye kipaimara mnanielewa.

Na kila Jumapili aliyepandishwa alikuwa mmoja. Kijana mwenye Starlet ya kijani. Lilikuwa limejaa mastika ubavuni, moto, nyota, maandishi ya Kijapani hata yeye hajui yanasema nini. Limeshushwa. Bomba la moshi mdomo wake kama sufuria ya ubwabwa, likinguruma mbuzi wanakata kamba. Ndani viti vya spoti, vyekundu.

Mtoto wa mama mshonaji akamshusha mama yake kanisani, akavuka barabara. Akasimama. Akaangalia lile la kijani kule juu. Akageuka akaangalia la kwake, jeupe, limekaa kimya, limenyooka kama shemasi. Hakuna aliyeligeukia. Hivyo alivyodhani yeye.

Na hapo hapo kitu kikamuuma. Hapa, chini ya mbavu. Mnapajua. Ni pale pale panapouma shoga yako akiingia na kilemba kipya halafu ninyi wote mnasema "umependezaaa" kwa meno.

Akamfuata. "Kaka, hizo stika umenunua wapi?"

"Pale kwa yule jamaa wa mabango."

Jumapili iliyofuata la mama likaja na mastika. Moto ubavuni, nyota kwenye boneti. Asubuhi mama akatoka nyumbani akalitafuta. "Baba, gari limeungua?" "Hapana mama, ndiyo mtindo." "Haya." Akapanda.

Lakini aliyepandishwa ngazi ni yule yule.

"Kaka, bomba la moshi umenunua wapi?" Akaambiwa. Akalikata la mama lililokuwa linapumua taratibu, akaweka sufuria ya ubwabwa. Jumapili hiyo mama alifika kanisani masikio yanalia, msomaji anasoma, yeye anamuuliza jirani, "Anasemaje?"

Bado akapandishwa yule yule.

Akaja kwenye kushusha. Mwenzake kashuka vidole viwili? Yeye akamwambia fundi toa springi, weka fupi, shusha ngumi nzima. Gari likawa linatambaa kama bata aliyejaa mayai. Kila tuta, kraaaa! Mama anashika dashibodi anaita Yesu, na siyo kwa ibada.

Sasa angalieni kitu hapa. Kila alipotoa kitu kwenye gari la mama, yule mwenye kijani alikuwa anakuja. Pole pole, kwa adabu.

"Kaka, hizo springi za zamani unazipeleka wapi?"

"Hizi? Si nimezitupa?"

"Ndiyo, ila bado nzima."

"Chukua! Zote nne chukua, kama una kazi na chuma kibovu."

Na bomba la zamani, chukua. Na rimu zile za kawaida, chukua, mimi nitazifanyia nini? Na alipopiga gari rangi ya zambarau, vikofia vya milango, vile vya kufunika vitasa, na zile nembo ndogo ndogo, chukua, chukua. Jamani alikuwa anasikia raha! Yule anayepandishwa ngazini amekuja kuniomba takataka! Anatoa kifua mbele kama mfalme anagawa nyama. Kwa sababu wivu una utamu wake, msinidanganye hauna. Utamu wake ni pale unapomwona mwenzio anaokota ulichotupa wewe.

Mwisho vikabaki viti. Vile vyekundu vya spoti. Akavipata. Akavipeleka kwa fundi.

Fundi akaingia ndani ya gari, akatoka. "Bosi, hivi viti vyako haviingii kwenye hizi reli. Lazima nizikate, nichomelee zingine. Na nikizikata, kiti cha zamani ndio basi tena, hakina pa kushika. Nikate?"

"Kata."

"Hata upande wa abiria?"

Pale palikuwa na kigoda cha mama. Kiraka cha satini, uzi wa bluu. Mama Aikaeli, wewe ungesema nini? Nyamaza, najua ungesema nini. Yeye alisema, "Kata, bwana! Unaogopa nini?"

Cheche zikaruka. Na kabla kiti hakijapoa chini, mwenye kijani huyo hapo.

"Kaka, na hivi viti?"

"Hivi? Vya mama hivi, vya kizamani! Chukua, kuku wakatagie!"

Wakacheka wote pale. Mwenye kijani hakucheka. Alikiinua kile kiti cha kiraka kwa mikono miwili, akakitoa nje kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Jumapili ikafika. Mama kajitanda kitenge, anatoka aingie garini. Akafungua mlango, akaangalia. Kiti kipo chini kuleee, chekundu, kina kingo pembeni kama beseni. Akajaribu. Goti likasema hapana. Akajaribu kuingia kinyumenyume. Goti likasema nimesema hapana.

"Baba, mimi humu naingiaje?"

"Vumilia mama. Gari bado linajengwa."

"Linajengwa? Si lilikuwa limekwisha?"

Mama akaondoka na fimbo yake, mguu kwa mguu, mpaka kanisani. Na mwanawe akampita njiani, vrrruuum, anawahi ng'ambo. Alimpita mama yake! Aliyempa funguo! Usimlaani, tulia. Alikuwa anawahi ngazi. Sisi tunawahi nini tukiwapita wa kwetu?

Akafika. Zambarau inang'aa, moto ubavuni, sufuria inanguruma, viti vyekundu. Na mwenye kijani siku hizo ngazini alikuwa haonekani, Jumapili kadhaa hakuja, anaonekana kwa fundi tu. Wenzake wakasema, "Leo ni wewe, mwanangu! Pandisha!"

Moyo wake! Akaingiza gia, akaliongoza kwenye ngazi ya zege. Tairi halijafika, bampa limefika. Kraaa. Akarudi nyuma, akaja tena kwa nguvu. Kraaaaa! Kipande cha bampa, pwa, chini. Gari alilolishusha ili lipandishwe, limekuwa fupi mno kupanda! Hahahaa! Nacheka, Mungu anisamehe, lakini hebu mwoneni, yuko chini ya ngazi anaitazama kama nzi anavyotazama nyama ndani ya kabati la wavu.

Hapo hapo likaingia gari. Kimya, halina kelele hata ya kumwamsha paka. Jeupe. Limesimama juu vizuri kwenye miguu yake, rimu za kawaida zimeoshwa, nembo zake ndogo ndogo kila moja mahali pake. Starlet kama imeshuka melini jana. Vijana wote wakaacha ngazi, wakalikimbilia. "Ya nani hii? Umeitoa wapi hii, haijaguswa!" Mlango ukafunguka, akashuka yule yule wa kijani. Hata hakwenda ngazini. Alisimamisha pale chini, akafungua milango yote ili watu waone ndani, na watu wakaona.

Mtoto wa mama mshonaji akasikia lile jambo chini ya mbavu linamuuma upya, afadhali hata la kwanza. Akajisemea, hili, hili ndilo gari! Laiti ningekuwa na gari kama hili!

Laiti! Mnasikia?

Kumbe ng'ambo ibada imekwisha. Kina mama wanatoka. Na yule mama na fimbo yake akavuka barabara kumtafuta mwanawe, labda gari limekwisha kujengwa. Akapita kwenye lile la zambarau. Hakuligeukia. Akalipita kama anavyopita pipa. Akafika kwenye lile jeupe, mlango uko wazi, akainama, akapapasa kiti. Kidole kikapita juu ya kiraka, kikafuata uzi wa bluu. Mama akageuza mgongo, akaketi. Bila taabu. Goti halikusema neno. Akaweka fimbo katikati ya miguu, akanyoosha kitenge.

"Haya baba, twende nyumbani. Umelisafisha vizuri gari langu."

Vijana wakashusha simu zao za picha. Hata zile injini, sijui nani alizizima.

Mwenye gari akasogea, akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Na wewe ndiye unamsaidia mwanangu kuosha?"

Wenzangu, mwanawe naye akasogea, akaangalia ndani. Akaona kiti. Akaona rimu. Akaona vikofia vya milango. Akaanza kuvitambua kimoja kimoja. Gari alilolionea wivu hadi machozi lilikuwa ni lake. Amelitoa yeye kwa mkono wake, kipande kwa kipande, huku anacheka.

Akamvuta mwenzake pembeni. "Umenifanya mjinga! Umechukua gari la mama yangu!"

"Nimechukua? Si ulinipa?"

"Ulinionea wivu!"

"Wivu nilikuwa nao, kaka, sikatai. Siku ya kwanza ulipokuja nalo nilikuwa kule juu ngazini, watu wananipiga picha, mimi natazama la kwako. Nikasema hili ndilo gari, langu ni mzoga. Unajua kwa nini niliweka stika? Kutu ilikuwa imekula mlango, unapitisha ngumi; hizi Jumapili sikuja ndiyo nilikuwa naiziba, nikalipiga rangi nyeupe. Bomba kubwa? La kwanza lilidondoka barabarani, nikapewa hilo la kuokota. Niliposhuka vidole viwili sikushuka mimi, springi zilikatika zenyewe. Na viti, kaka, viti vyangu vililiwa na panya; vile vyekundu nilivifunga kwa waya tu, reli sikuzigusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe uliniuliza nimenunua wapi tu."

Mwe! Wenzangu! Yule kijana alikuwa anaiga bandeji! Hana kidonda, mzima, ngozi inang'aa, anajifunga bandeji kwa sababu kaona mwenzake anapigwa picha nayo!

Sasa akalia. Mtoto wa kiume, mbele ya wenzake, akalia. "Kaka, basi vingine kaa navyo. Nirudishie kiti cha mama. Kimoja tu."

Na mwenye gari hakuwa mtu mbaya. Alifungua buti, akatoa spana. "Chukua. Bure, kama ulivyonipa. Mama, samahani, tusubiri kidogo." Wakaenda wote wawili mpaka kwenye lile la zambarau, wafungue kile chekundu wakiweke kile cha kiraka. Mwenye spana akainama, akaangalia sakafuni. Akainua uso.

"Kaka, nakupa. Lakini kiti hiki utakifunga wapi?"

Reli hazipo. Zilikatwa. "Kata, bwana, unaogopa nini?"

Mama siku ile alirudishwa nyumbani na mtoto wa mwenzake. Mbele, kwenye kigoda chake, anapungia watu mkono. Na mtoto wake wa kumzaa nyuma yao, kila tuta, kraaa, kraaa.

Mmenyamaza tena.

Sisi je? Jirani kaning'iniza pazia zito, usiku hulali unataka pazia zito. Unajua kama kioo cha lile dirisha kipo? Mwenzio kavaa wigi hadi mgongoni, nawe unanyoa nywele zako nzuri ulizopewa bure. Uliwahi kumwona asubuhi? Fulani kapeleka watoto bweni wote, nawe unawatoa wako nyumbani wanalia, hujui kwa yule nyumbani hakukaliki, watoto wamekimbizwa vita. Tunaona bandeji, tunaenda kuuliza imenunuliwa wapi. Hakuna anayeuliza, dada, unaumwa nini?

Na vyetu tunavitupa. Mume mpole, "huyu wa kizamani." Mama mkwe anayekupenda, "wa kijijini." Kajumuiya ketu kadogo ka kuimba bila spika, "ka kutagia kuku." Tunagawa huku tunacheka. Mungu ni mwema, wenzangu, siku utakayolia atakuja na spana, atasema chukua, bure. Sina wasiwasi na Mungu kurudisha. Wasiwasi wangu ni sisi. Tumekwisha kukata reli. Amani ya nyumbani ikirudi leo jioni, kwako wewe, imebakiwa na pa kushika? Yule rafiki uliyemkata kwa maneno pale bombani akirudi, atakaa wapi? Kwa hiyo fundi akikuuliza "nikate?", ngoja. Kwanza angalia nani anakaa kwenye hicho kiti.

Haya, mchungaji ananitazama, nimerefusha. Simameni tuombe. Fumbeni macho wote. Na wewe hapo, nimekuona, usifumbue jicho moja kuangalia mwenzio anaombaje.